Nipelekee Simu Jikoni

Ijumaa hiyo, watu walipokwisha kutoka msikitini na magari kuanza tena kupiga honi kule chini, Mzee Silvesta Ndirangu alimwambia bintiye azime kiyoyozi. Alisema hana nguvu ya kushindana na mashine, na maneno aliyonayo ni ya kusemwa chumba kikiwa kimya. Pamela akakizima. Alijua joto la Al Wakrah, kando ya Doha, lingeingia mara moja, na kweli liliingia, lakini hakubisha. Kazi yake ilikuwa uuguzi. Alikuwa amewaona wagonjwa wengi wakifika mahali pa kuagiza vitu vidogo kwa sauti ya amri, na alijua kinachofuata.

"Niinueni," Mzee akasema. "Sitawausia nikiwa nimelala chali."

Pamela na mdogo wake Tony wakamwinua, wakamwegemeza kwenye mito. Alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa ikawa inamponyoka kidoleni, na Pamela alikuwa ameizungushia uzi ili isipotee kwenye mashuka. Tony alikuwa mlinzi katika hoteli moja ya West Bay, Doha. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, akaketi chini kwenye zulia akiwa bado na sare, kofia kwenye goti. Joram, mkubwa wao, alikuwa nyumbani Loitokitok, na uso wake ulikuwa kwenye simu ambayo Pamela aliiegemeza kwenye themosi ya chai, juu ya kiti, ili Mzee amwone.

Nyuma ya Joram palionekana ukuta mtupu. Pamela ndiye aliyemwambia asubuhi, "Kaa mahali ambapo nje hakuonekani." Sasa kila alipoutazama ule ukuta aliona haya, akageuza macho.

Mzee alikuja Doha mvua za masika zilipoisha, kwa viza ya kutembelea familia, na sanduku la nguo chache na ndizi mbichi alizozifunga kwa magazeti. Alitaka kuona tu mahali binti yake anapoishi, kisha arudi kwa sufuria zake. Kabla mwezi haujaisha akaanza kutapika. Daktari alimwita Pamela kando, akazungumza naye kama muuguzi mwenzake, akamwambia ini limekwisha, na hakuna shirika la ndege litakalokubali kumbeba mtu katika hali ile.

Ilikuwa katika wiki hizo Joram alipopiga simu. Watu wa Nairobi waliokuwa wakijenga loji walikitaka kiwanja cha hoteli ndogo ya chakula ya Baba, kile cha kando ya barabara, ambacho mtu akikaa barazani asubuhi wingu likiondoka anauona mlima wote, Kibo na Mawenzi. Kiwanja kile Mzee alikuwa amewaandikisha Joram na Pamela zamani, Tony akiwa bado mtoto, kwa kuwaamini tu.

"Baba harudi tena, Pam," Joram alisema. "Wewe mwenyewe umesema. Sasa tunangoja nini?"

Pamela angeweza kusema, tumuulize. Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, akikohoa. Hakusema hivyo. Alisema, "Fanya unavyoona." Alijiambia kwamba anamwepusha mgonjwa na usumbufu. Ukweli ni kwamba tangu utotoni aliliogopa lile jiko la hoteli. Alimenya ndizi humo kabla ya kwenda shule, akaingia darasani vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu na sweta linanuka vitunguu, wenzake wakamwita Mama Supu. Kati ya watoto watatu ni yeye peke yake aliyejua kupika kama marehemu mama yao, na siku zote alihisi kwamba iko siku Baba atamwita arudi akalishike jiko. Likiuzwa, hakuna wa kumwita. Ndivyo alivyokubali, kwa sentensi moja, akiwa amesimama koridoni na kikombe cha chai mkononi.

Jiko lilikuwa limebomolewa wiki chache zilizopita. Mzee hakujua. Tony naye hakujua.

Mzee alikohoa, akaweka mikono juu ya shuka, akaanza.

"Wanangu, tegeni masikio, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja, na mtakaokosa kusikia mtaulizana wenyewe nikiwa sipo. Joram, unanisikia huko?"

"Nakusikia, Baba."

"Vizuri. Mnajua mimi sikuzaliwa na hoteli. Nilifika Loitokitok kijana, nikaajiriwa kubeba mizigo ya wageni mlimani. Tulikuwa tunapanda na mahema yao, viti vyao, hata mayai yao tumeyafunga kwenye majani makavu yasivunjike, na wao wanatembea mikono mitupu wakipiga picha. Sikuona ubaya, ilikuwa kazi. Lakini siku ya kushuka ndiyo iliyoniuma. Tukifika chini, wageni wanapelekwa mezani, wanawekewa kitambaa cheupe na nyama inayotoa moshi, na sisi tuliobeba tunaambiwa tungoje nje. Tulikuwa tunakaa kwenye nyasi, miguu inatetemeka, tunatafuna chapati ya jana huku harufu ya chakula chao inatufuata. Hapo ndipo nilipomwona mama yenu. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Tarakea na sufuria ya mtori ameifunga kwa blanketi isipoe, ndizi zimepondwa na mifupa ya ng'ombe hadi zimekuwa laini kama uji. Akanipakulia. Nikala nimesimama. Nilipomaliza nikamwambia, dada, mimi sina la kukulipa leo, lakini nikipata mahali pa kuketi nitakuoa. Alicheka hadi akafunika sufuria ili asiitemee mate."

Tony akatabasamu. Hadithi ile waliijua wote, lakini hawakuwa wamewahi kuisikia ikisimuliwa kwa sauti nyembamba kiasi hicho.

"Tulipojenga hoteli, Edith na mimi, tuliweka sharti moja. Sufuria moja, benchi moja. Mzungu aliyeshuka mlimani na mpagazi aliyembebea begi watakula kitu kimoja, bega kwa bega, na anayeona vibaya aende kwingine. Wengine walikwenda. Wengi walikaa. Mnakumbuka wale wazee kutoka Uholanzi waliokuwa wakirudi kila mwaka? Hawakurudi kwa ajili ya mlima, maana magoti yao yalikuwa yameshakataa. Walirudi kwa ajili ya benchi. Kwa hiyo nawausia: mtu akishuka kutoka mlimani msimpe karatasi ya vyakula wala kumuuliza anataka nini, kwa maana hajui. Mwili wake bado uko juu kule. Mpeni supu, mumwache anyamaze, na akili ikirudi ataomba mwenyewe. Na anayebeba apakuliwe kwanza, kisha anayebebewa."

Akapumua. Pamela alimpa maji kwa kijiko. Maji mengine yakamwagikia kidevuni mwa Mzee. Akampangusa bila kumtazama usoni.

"Lingine. Cyrus, yule mwenye mgahawa wa bafe pale kituoni, alinitangaza mji mzima kwamba napika punda. Mwaka ule tulikaa barazani tukitazamana na inzi. Nilimchukia, sitawaficha, na nilikuwa nikipita kwake nageuza shingo. Sasa imetosha. Nikizikwa mwiteni, mumpe kiti cha mbele, mumpakulie nyama nzuri. Joram, wewe ndiye utakayemwita, si kwa simu, uende kwa miguu yako."

"Nitaenda, Baba."

"Shamba la nyanya kule Rombo ni la Tony. Nilikukosea kidogo, Tony, nilipowaandikisha ndugu zako ulikuwa mdogo, nikasema mgao wako utakuja. Ndio huo umekuja. Ng'ombe ni wa Joram, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiamka kuwakamua nikiwa sokoni."

Tony aliinamisha kichwa. Kwenye simu, Joram alijikuna shingo.

"Sasa hoteli." Mzee alimgeukia Pamela, na Pamela akajikuta ameshika ukingo wa kitanda kama mtu anayengoja sindano. Baba yake alimwita kwa jina la Wairimu, jina la mama mzazi wa Mzee mwenyewe, na ndiyo maana mara nyingi alimwita mama. "Wairimu, mama yangu. Najua unaogopa nitakachosema. Nilikuwa nakuona zamani, unamenya ndizi huku unatazama saa ya ukutani, na ukimaliza unakwenda kusugua mikono kwa mchanga ili wenzako wasijue. Nilikuona. Sikusema kitu kwa sababu nilihitaji ndizi zimenywe. Hilo nimekaa nalo. Basi sikiliza: sikufungi na lile jiko. Umeshajitafutia kazi yako, kazi ya heshima, na mimi hapa nimelala kwenye mashuka yaliyonunuliwa nayo. Mkitaka kukiuza kile kiwanja, kiuzeni. Nimewapa ruhusa, mbele ya Tony. Ninachoomba ni kimoja tu. Msikiuze Nyanchama akiwa hai."

Pamela alihisi joto la chumba likimpanda kichwani. Kama wangemuuliza, angekubali. Hilo tu ndilo lililokuwa likizunguka ndani yake: alikuwa upande wa pili wa ukuta, angekubali, na angewaambia kuhusu Nyanchama.

"Nyanchama alikuja kwetu akitafuta kazi ya kuosha vyombo," Mzee akaendelea, "ametoka Kisii na mfuko mmoja, hana mtu. Edith akamfundisha mtori hadi ikawa mtu hajui nani kapika. Edith alipofariki, Tony alikuwa hajaanza kutembea. Ninyi mlilala mgongoni mwa yule mama. Wewe Joram ulipougua surua alikaa nawe siku zote za homa na bado wageni wakala. Hakuolewa, hakuondoka, na sikuwahi kumsikia akiuliza atapata nini. Kwa hiyo jiko ni lake, na chumba cha nyuma ni chake, hadi siku atakayokwenda mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwa mdomo wangu mambo haya kabla sijaja huku, nikasema nitarudi. Joram, toka hapo ulipo. Nipelekee simu jikoni."

Joram hakusogea.

"Baba, netiweki huko nyuma ni mbaya. Itakatika."

"Haijawahi kukatika. Ni jikoni tu hapo."

"Pengine amelala."

"Nyanchama? Saa hizi?" Mzee alikunja uso, si kwa hasira, kwa kushangaa tu. "Nyanchama halali mchana. Saa hizi anachambua kunde za jioni. Nenda, mwanangu, nisichoke bure."

Joram alitazama pembeni. Pamela alijua anamtazama yeye, kule ambako uso wake ulikuwa kwenye kioo cha simu ya Joram. Akajisikia akisema, haraka na kwa sauti ile aliyotumia wodini, "Baba, atakuwa ameenda sokoni. Pumzika kidogo, tutampigia baadaye."

"Leo Ijumaa, Wairimu. Soko ni kesho."

Tony alikuwa ameinua kichwa, anamtazama dada yake, kisha simu, kisha dada yake tena.

"Pam," akasema polepole. "Kuna nini?"

Pamela alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amepanga, kama ikibidi, kuanza na gharama, na daktari, na jinsi wageni walivyopungua. Yote yakampotea.

"Jiko halipo, Baba," akasema. "Tulikiuza kiwanja. Joram aliniuliza, nami nikakubali. Jiko wamelibomoa."

"Mmeuza?" Tony alikuwa amesimama, kofia imeanguka. "Mmeuza kwa Baba, Baba akiwa hapa, na mimi nakuja kila wiki nakaa hapo kwenye hicho kiti tunakunywa chai? Pam?"

"Keti, Tony," Mzee akasema.

Tony alibaki wima. Mzee hakurudia. Alifumba macho, na kwa muda mrefu kilichosikika ni pumzi yake tu, inayopanda kwa shida na kushuka kwa ghafla. Pamela alizihesabu pumzi zile kwa mazoea ya kazi, kisha akajichukia kwa kuzihesabu. Alitamani Baba amtukane. Mzee alipofumbua macho, hakumtazama yeye, alitazama simu.

"Yale meko, Joram. Ulibomoa wewe au ulilipa watu?"

"Niliwalipa watu, Baba."

"Nyanchama alikuwa wapi?"

"Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara."

"Alisema nini?"

Joram alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini wakati ule alionekana kama mvulana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. "Aliuliza kama wewe unajua."

"Ukamjibu?"

"Baba..."

"Ulimjibu nini, Joram?"

"Nilimwambia unajua. Nilimwambia wewe ndiye uliyesema."

Pamela aligeuka kuitazama simu. Hilo hakuwa amelijua. Joram alikuwa amemwambia kwamba Nyanchama amepewa kitu kidogo na ameondoka vizuri, na Pamela hakuuliza zaidi, kwa sababu asiyeuliza hapewi jibu asilolitaka. Sasa alimwona yule mama ng'ambo ya barabara, na vumbi la matofali, na mikono yake imekunjwa ndani ya leso, akiamini kwamba aliyemtoa ni Silvesta mwenyewe.

Machozi yalimtoka Mzee bila uso wake kubadilika. Tony alipanda kitandani, akaketi nyuma yake na kumshika mabega, kwa maana alikuwa ameanza kuinamia upande.

"Yuko wapi sasa?" Mzee akauliza.

"Amepanga chumba karibu na soko," Joram akasema. "Anapikia wapagazi kando ya barabara. Ameweka turubai."

"Anapikia wapagazi." Mzee aliyarudia maneno hayo, na kitu fulani kililegea mdomoni mwake. "Vizuri. Angalau wao wanakula."

Aliomba maji tena. Safari hii Tony ndiye aliyempa.

"Basi yafuteni yale ya mwanzo," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka hata Joram akalazimika kusogeza simu sikioni, uso wake ukapotea, likabaki sikio. "Nausia upya. Kilichouzwa kimeuzwa, siwezi kujenga meko nikiwa hapa. Tony, lile shamba la Rombo ni lako, lakini kona ya juu, iliyo karibu na barabara, mkatie Nyanchama. Joram na Wairimu watamjengea jiko hapo, na chumba cha kulala, kwa walichopata. Kiwe jiko la matofali. La mabati silitaki, atateseka na joto. Aandikishwe yeye, jina lake, awape au asiwape baadaye ni shauri lake."

"Pesa yangu sikuigusa hata kidogo, Baba," Pamela akasema. "Yote ipo."

"Sikukuuliza." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anatafuta pumzi. "Na kabla hamjanizika... mtakwenda wote watatu kwake, pale kwenye turubai. Mtaketi kwenye benchi pamoja na wapagazi. Msimtume mtu. Msiende na mchungaji wa kuwasemea. Mtamwambia, Silvesta hakujua. Mseme kwa midomo yenu, Joram uanze. Akiwapakulia, mle. Akikataa kuwapakulia, msimlazimishe, msimwekee pesa mezani. Kaeni hapo na njaa yenu hadi atakapofunga. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Baba."

"Wairimu ndiye atakayempigia leo. Leo hii. Mimi nikishindwa kusema, yeye atasema."

Alipeleka mkono nyuma, akauweka juu ya kichwa cha Tony, akambariki kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili, akamwombea mke mwenye subira na miguu isiyochoka, kwa maana kazi yake ni ya kusimama. Kisha akaelekeza kiganja kwenye simu. "Joram, mwanangu wa kwanza. Umesema uongo kwa jina langu. Nakusamehe mimi, yeye sijui. Mungu akupe... akupe nyumba yenye watu, na watoto watakaokuuliza kabla ya kufanya."

Joram alikuwa akilia; ilisikika tu, kwa sababu simu ilikuwa bado sikioni mwake.

Mkono wa Mzee ukashuka polepole hadi juu ya kichwa cha Pamela, ambaye bado alikuwa amepiga magoti. Ulikuwa mkavu, mwepesi kama karatasi, lakini ulikaa. Pamela aliinamisha uso kwenye shuka. Alisikia, "Wairimu, mama..." na baada ya hapo hakusikia neno. Aliinua macho. Midomo ya Baba ilikuwa ikisogea, taratibu, kama mtu anayesema jambo refu na la maana, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Pamela alisogea karibu hadi sikio lake likagusa kidevu cha Baba. Pumzi tu. Midomo ikaendelea kidogo, ikapumzika.

"Amesema nini?" Joram akauliza kutoka kwenye simu. "Sijasikia, amesema nini?"

"Amekubariki, Pam," Tony akasema, na ingawa hasira ilikuwa haijamtoka machoni, alilisema kwa upole. "Alikuwa anakubariki."

"Umesikia?" Pamela akamuuliza.

Tony alimlaza Baba taratibu kwenye mito.

Pamela alisimama. Angeweza kuliacha hadi kesho. Baba amefumba macho, hakuna ambaye angemlaumu. Alimwomba Joram namba, akaiandika kwenye kiganja chake, akakata simu ya Joram, akapiga papo hapo, miguu ikiwa bado imekufa ganzi. Iliita kwa muda. Kisha ikapokewa, na nyuma yake palikuwa na pikipiki, na mtu anaagiza chai ya pili.

"Nani?"

"Mama Nyanchama. Ni Pamela. Niko Doha."

Kijiko kiligonga sufuria, kikawekwa chini.

"Sema."

"Baba hakujua. Tuliuza tukamficha, mimi na Joram. Amejua leo, sasa hivi, alipotaka kuzungumza nawe. Joram alikudanganya. Baba alikuwa anasema jiko ni lako."

Sauti ya barabara iliendelea, na katikati yake Pamela alisikia yule mama akivuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia na sasa amelitua.

"Anakula?"

"Hali tena."

"Anasikia?"

"Sijui. Nafikiri anasikia."

"Mwekee simu sikioni. Na wewe utoke hapo karibu."

Pamela aliweka simu sikioni mwa Mzee, akamwachia Tony aishike, akarudi nyuma hadi mlangoni. Nyanchama alizungumza kwa muda mrefu. Hawakusikia maneno, ila mtiririko wa sauti yake tu, mara nzito, mara nyepesi, na mahali fulani ilikuwa kama anacheka. Vidole vya Mzee vilisogea juu ya shuka. Kope zake zilitetemeka, lakini hakuzifumbua. Nyanchama alipomaliza, Tony alimrudishia dada yake simu.

"Sasa wewe," Nyanchama akasema.

"Nipo, mama."

"Usinipigie simu ili nikutukane upate nafuu. Sitakutukana."

"Sawa, mama."

"Mzee akiondoka mleteni nyumbani, msimwache kwenye mchanga huko. Chakula cha matanga nitapika mimi, mtu mwingine asiguse sufuria. Watakula wageni, watakula majirani, watakula wapagazi wote wa mji huu, maana walikuwa watu wake. Tony atakula nao." Akamwambia mtu chai imechemka, kisha akarudi. "Wewe na Joram mtakula mwisho."

"Tutakula mwisho, mama," Pamela akasema.